Cheti kimeandikwa kila siku, dawa ni ya mara moja kwa wiki: wajibu wa mfamasia unaishia wapi?

MfamasiaMoro

Habari zenu wanataaluma wenzangu. Nilisajiliwa mwaka jana, na kwa sasa ninasimamia duka la dawa la mtu binafsi mjini Morogoro. Wiki iliyopita alifika mama wa makamo mwenye baridi yabisi, akanipa cheti chenye mhuri wa hospitali: methotrekseti vidonge vya miligramu 2.5, vinne kwa mara moja, OD (yaani mara moja kwa siku), siku 30. Kwa hesabu hiyo ni vidonge 120. Nilivyofundishwa chuoni ni kwamba kwa ugonjwa huu dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki, kwa hiyo wiki nne zingehitaji vidonge 16 tu.

Cheti hakikuwa na namba ya simu ya daktari, na simu ya hospitali haikupokelewa. Mwenye duka, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alisema kwamba daktari ameshasaini, kazi yangu ni kuuza, na kosa likitokea ni la aliyeandika. Nilikataa kutoa. Mama aliondoka kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa ametoka mbali na nauli yake ilikuwa imeishia hapo. Kesho yake nilimpata daktari, akathibitisha kwamba alikusudia mara moja kwa wiki.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, katika hali kama hii wajibu wangu unaanzia wapi na kuishia wapi? Pili, ni marejeo gani ninayopaswa kuwa nayo mezani? Niliyoyakuta dukani ni nakala moja ya BNF, kitabu cha Uingereza cha marejeo ya dawa, ya mwaka 2010, mengine natafuta kwenye simu.

Mzee wa Dirishani

Mwanangu, ulikataa panapostahili kukataliwa. Methotrekseti ikimezwa kila siku kwa kipimo hicho huushambulia uboho, chembe za damu zikashuka, mgonjwa akapata vidonda mdomoni, homa na kutokwa damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo hilo katika nchi nyingi, zikiwemo zenye hospitali kubwa kuliko zetu. Saini ya daktari haikuondolei wewe dhamana. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imelipa Baraza la Famasi mamlaka ya kutusajili na kutuchukulia hatua za kinidhamu kwa sababu sheria inatutambua kama wanataaluma wenye maamuzi yetu, na cheti chenye kosa kikipita mikononi mwako bila kuhojiwa, kosa linakuwa la watu wawili.

Hata hivyo, nina jambo moja la kukuuliza, na ninakuuliza kwa nia njema kabisa: je, ulimuuliza mama kama alikuwa ameshaanza kuimeza, na kwa mpangilio gani? Hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza, kabla hata ya kumtafuta daktari. Kama alikuwa amepata dozi za siku kadhaa kutoka duka jingine, hakupaswa kurudi nyumbani kusubiri kesho; alipaswa kwenda hospitali siku ile ile kupimwa picha kamili ya damu, maana ipo dawa ya kumwokoa, asidi ya foliniki, na inafaa zaidi ikitolewa mapema. Kukataa kutoa dawa ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kuhakikisha mgonjwa haondoki mikono mitupu: chukua namba yake ya simu, mwandikie daktari barua fupi inayoeleza unachokihoji, na umweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa kwamba hujamnyima dawa, bali unathibitisha namna ya kuimeza. Kisha andika kila kitu kwenye rejesta, pamoja na saa uliyopiga simu.

Dawa ikishathibitishwa, usiandike kwenye bahasha "4 × 1" kama tulivyozoea, kwa sababu mgonjwa na hata muuguzi atasoma vinne kila siku. Andika kwa maneno: "Meza vidonge vinne kila Jumatatu TU." Mpe mgonjwa nafasi ya kuchagua siku anayoikumbuka kirahisi, na umwombe akurudishie maelezo kwa mdomo wake kabla hajaondoka. Kama ameandikiwa pia asidi ya foliki, imezwe siku tofauti, nayo iandikwe siku yake.

Tena mwonye kuhusu ko-trimoksazoli, ile antibayotiki ambayo watu wengi bado wanaiita Septrin. Ikichanganywa na methotrekseti hali ya damu inaweza kuharibika vibaya, na dawa hiyo inapatikana kila kona.

Mtoa Dawa wa DLDM

Nashukuru kwa maelezo haya, hasa hilo la mwisho. Mimi nipo kwenye Duka la Dawa Muhimu kijijini, na wateja wangu huomba Septrin kwa jina kama wanavyoomba sabuni. Sikuwahi kumuuliza yeyote kama anatumia dawa nyingine ya muda mrefu. Nimeanza kuuliza tangu jana.

Naomba niongeze la bahasha. Tukisema "kutwa mara tatu", wateja wangu wengi huelewa asubuhi, mchana na jioni pamoja na chakula, kwa hiyo usiku mzima unapita bila dawa. Kwa dawa inayotakiwa kila baada ya saa nane, siku hizi naandika saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kwa dawa mseto ya malaria ndiyo nasisitiza zaidi, kwa kuwa dozi ya pili inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza: aliyeanza saa 3 usiku inabidi aamke saa 11 alfajiri, na asipoandikiwa hataamka.

Daktari wa Wilaya

Naandika nikiwa upande wa pili wa cheti. Kosa hili linafanyika kwa mazoea ya mkono: mtu ameandika OD mara hamsini tangu asubuhi, na kwa mgonjwa wa hamsini na moja anaandika OD. Ninapopigiwa simu na mfamasia sioni kama nimedharauliwa, naona nimekingwa. Naomba tu mtueleze jambo moja kwa moja, kwa mfano: "Daktari, methotrekseti ya mgonjwa huyu imeandikwa kila siku, je, ulikusudia kila wiki?" Simu inayoanza kwa kuzunguka huchelewesha, na wakati mwingine hukatwa. Kwa upande wetu tunapaswa kuandika namba ya simu na ugonjwa unaotibiwa kwenye cheti, kwa kuwa dawa hii ina vipimo tofauti kabisa inapotumika kwa saratani, na mfamasia hawezi kukisia.

Mkufunzi wa Famasi

Nijibu swali la pili, kwa sababu limepita bila kuguswa. Ndugu yangu, hiyo BNF ya 2010 iondoe mezani. Kitabu kile huchapwa upya mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na kina sababu ya kufanya hivyo. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walizuia kodeini ya kutuliza maumivu kwa watoto walio chini ya miaka 12, baada ya kubainika kwamba baadhi yao huigeuza kuwa mofini kwa kasi na kushindwa kupumua. Nakala yako imechapwa kabla ya hapo. Mwaka huo huo wa 2013 dolutegraviri ndiyo kwanza iliidhinishwa Marekani, kwa hiyo humo utatafuta bure dawa ambayo leo wagonjwa wetu wengi wa VVU wanaitumia.

Anza na mwongozo wa taifa wa matibabu pamoja na orodha ya taifa ya dawa muhimu, vinavyotolewa na Wizara ya Afya kwa juzuu moja. Ndio unaokuonyesha dawa ya chaguo la kwanza hapa kwetu, na hakuna kitabu cha Uingereza kitakachokupa hilo. Kwa antibayotiki, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kitabu cha AWaRe, bila malipo, kinachoeleza dawa, kipimo na siku za matibabu kwa kila ugonjwa, na pia lini antibayotiki haihitajiki kabisa. Mimi nakifungua karibu kila siku.

Kwa mwingiliano wa dawa za VVU, tovuti ya Chuo Kikuu cha Liverpool haina mpinzani, nayo ni bure. Ingiza dolutegraviri na metformini, dawa ya kisukari, utaona kwa nini metformini haishauriwi kuvuka miligramu 1,000 kwa siku. Ingiza dolutegraviri na rifampisini, utaona kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu anapewa miligramu 50 mara mbili badala ya mara moja. Kwa mama anayenyonyesha ipo LactMed, inayopatikana kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, nayo ni bure. Ukitafuta kwenye simu, tafuta kwa jina halisi la dawa. Jina la kibiashara linaweza kuwa la dawa moja hapa na dawa nyingine kabisa katika nchi ya aliyeandika ukurasa huo.

Mgonjwa akipata madhara, jaza fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hata kama huna uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Shaka inatosha kutoa taarifa.

MfamasiaMoro

Asanteni sana. Mzee wangu, kwa uaminifu, sikumuuliza mama kama alikuwa ameshaanza. Baada ya kusoma jibu lako nilipata namba yake kupitia hospitali, nikampigia. Alikuwa hajaanza, cheti kilikuwa cha kwanza. Amerudi leo asubuhi, nimempa vidonge 16, na amechagua Ijumaa. Nilipomwomba anirudishie maelezo, alisema: "Ijumaa vinne, siku nyingine hata kimoja hapana." Mwenye duka alikuwepo akisikiliza, na ameniruhusu kununua rejesta ya kuandika vyeti tunavyovihoji. Cha kwanza nimekiandika ni hicho.