Mjadala: Je, askari wa zamani aliye kwenye makao ya wazee Marekani afuatwe na dawa za VA huko huko aliko?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naleta mezani suala ambalo Wamarekani wamelizungumza kwa miaka mingi bila kulimaliza. Askari wa zamani anayeishi nyumbani kwake, na aliyejiandikisha katika huduma za afya za Idara ya Masuala ya Maveterani, maarufu kwa kifupi VA, huchangia dola 5, 8 au 11 kwa dawa ya siku 30, kulingana na daraja la dawa yenyewe, na akishafikisha dola 700 ndani ya mwaka hachangii tena. Wapo wasiochangia hata senti moja: wenye ulemavu uliotokana na utumishi jeshini na kukadiriwa kuwa asilimia 50 au zaidi, waliowahi kushikwa mateka vitani, na wenye kipato cha chini sana. Sasa mtu huyo huyo akianguka na kuvunjika nyonga, na familia ikalazimika kumpeleka kwenye makao binafsi ya wazee yasiyo na mkataba na VA, unafuu huo mara nyingi humponyoka, ingawa hakuna aliyefuta jina lake kwenye daftari la idara.

Kinachomkwamisha ni utaratibu wa ugavi. Makao mengi ya wazee yana mkataba na famasi moja inayoleta dawa za wakazi wote zikiwa zimefungwa kwenye kadi, kila kidonge ndani ya kitundu chake. VA kwa upande wake hutuma takriban asilimia 80 ya dawa za wagonjwa wake wasiolazwa kwa njia ya posta, kutoka vituo saba vyenye mitambo inayojiendesha, na vidonge hivyo huja ndani ya chupa. Makao hukataa chupa, famasi yenye mkataba haina bei ya VA, na mzee anaandikiwa hati ya malipo kwa bei ya soko.

Tofauti ya bei si ndogo. Sheria ya mwaka 1992 ya huduma za afya kwa maveterani inawataka watengenezaji wa dawa zenye majina ya kibiashara waiuzie VA kwa bei iliyo chini kwa angalau asilimia 24 ya wastani wanaolipwa na wanunuzi wasio wa serikali kuu, na VA huendelea kushusha zaidi kwa kuwa ina orodha moja ya dawa kwa nchi nzima na inaweza kumwambia mtengenezaji kwamba dawa yake haitaingia humo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ililinganisha dawa 399 kwa takwimu za mwaka 2017, ikakuta kwamba VA ililipa kwa wastani asilimia 54 pungufu kwa kila kipimo kuliko mpango wa dawa wa Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ambayo wengi wa wanachama wake ni wazee.

Hoja yangu ni kwamba VA iagizwe kisheria kuzifunga dawa hizo kwa namna makao yanavyozihitaji na kuzifikisha huko, na makao yanayopokea fedha za serikali kuu yasiruhusiwe kuzikataa. Hata kikwazo cha daktari, kwamba VA kwa kawaida haitoi dawa iliyoandikwa na daktari asiye wake, kina mlango ambao wengi hawaujui: veterani anayelipwa nyongeza kwa sababu anahitaji mtu wa kumsaidia shughuli za kila siku, au kwa sababu hawezi kutoka nyumbani, ana haki ya kupewa na VA dawa alizoandikiwa na daktari yeyote mwenye leseni. Wazee wa kundi hilo ndio hao tunaowakuta kwenye makao.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuliweka suala hili kwa utulivu, lakini naomba nilipinge kwa kuanzia kwenye historia uliyoiruka. Sheria yako ya 1992 ilizaliwa kutokana na kosa lililofanyika miaka miwili kabla yake. Mwaka 1990 Bunge liliwataka watengenezaji waipe Medicaid, bima ya afya ya umma kwa wenye kipato kidogo, bei nafuu kuliko zote walizokuwa wakitoa sokoni, na bei walizokuwa wakiipa VA zikahesabiwa humo. Watengenezaji walipiga hesabu, wakaona kwamba kumpunguzia mnunuzi mdogo kutawalazimisha kumpunguzia na mnunuzi mkubwa, wakaipandishia VA bei. Ndipo Bunge likarudi mwaka 1992 kuitoa bei ya VA kwenye hesabu hiyo na kuiwekea kikomo chake. Bei ya chini ya VA imedumu kwa sababu wanaoifaidi ni wachache: waliojiandikisha kwa huduma zake ni kama milioni 9, wakati wenye mpango wa dawa wa Medicare wamepita milioni 50. Najua wewe unataka VA yenyewe ipeleke dawa, na hukusema famasi binafsi ziuziwe kwa bei yake. Hata hivyo mlango wa kwanza ukishafunguliwa, wenye famasi hizo watakuwa wa kwanza kupiga hodi kwenye mlango wa pili.

La pili ni kazi isiyoonekana kwenye bei ya kidonge. Kanuni za serikali kuu zinataka mfamasia apitie dawa za kila mkazi wa makao angalau mara moja kwa mwezi. Famasi yenye mkataba mara nyingi hufidia mambo ya namna hiyo, pamoja na kuleta dawa usiku na kuweka sanduku la dawa za dharura, kutokana na mapato ya mauzo. Ukiichukulia dawa zinazouzika kila mwezi na kuiachia mzigo wa usiku wa manane, gharama hiyo itahamia kwa mkazi wa kitanda cha pili ambaye hakuwahi kuwa jeshini.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni muuguzi wa makao ya wazee, na naomba nieleze kwa nini chupa inakataliwa, kwa sababu naona watu huko nje wanadhani ni ukaidi au ni tamaa ya wenye makao.

Asubuhi muuguzi anasukuma toroli la dawa chumba hadi chumba. Ndani ya droo kila mkazi ana kadi zake, kila kadi ina vitundu vya mwezi mzima vilivyopangwa kwa mistari. Unabonyeza kitundu cha leo kwa kidole gumba, kidonge kinapasua karatasi ya nyuma na kudondokea kwenye kikombe kidogo, unaweka saini, unasogea. Ukikuta kitundu cha jana bado kina kidonge, umejua hapo hapo kwamba mzee alikosa dozi, na unajua ilikuwa zamu ya nani. Chupa yenye vidonge 90 haikuambii chochote. Ili kujua kama dozi ya jana ilitolewa, ni lazima umwage na kuhesabu, na wewe una wakazi wengine wanaosubiri, wawili kati yao wakitakiwa kupewa insulini kabla ya chai.

Kuna na suala la muda. Dawa za watu hawa hubadilika. Mkazi anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anapimwa damu, majibu yanakuja Ijumaa jioni, daktari anashusha dozi kwa simu, na dozi mpya inatakiwa usiku ule ule. Posta haiwezi kufanya hivyo. Na mkazi akifariki, au dawa yake ikibadilishwa, shehena ya miezi mitatu iliyokwisha kuingia huwa ni ya kuharibiwa.

Pamoja na hayo, sikubaliani na mchangiaji aliyenitangulia kwamba jambo lote liachwe. Dawa za shinikizo la damu, za kisukari za kumeza, za lehemu na za tezi hukaa bila kubadilika kwa miezi mingi. Hizo zinaweza kutoka VA zikiwa kwenye kadi za siku 30, huku antibiotiki, dawa za maumivu makali na zile zinazopimwa kwa damu zikibaki kwa famasi ya karibu. Mgawanyo huo tunaweza kuishi nao, kwa sharti nitakalolisema baadaye.

Mleta mada

Nakubali mgawanyo huo, na ni bora kuliko nilivyopendekeza. Niongeze tu kwamba VA haiwezi kudai haina ujuzi wa kufunga kidonge kimoja kimoja. Mwaka 1992 muuguzi wake wa Topeka, Kansas, Sue Kinnick, aliona gari la kukodi likipokelewa kwa kusomwa msimbopau, akauliza kwa nini hospitali isifanye hivyo kwa dawa. Wazo hilo ndilo lililokuja kusambazwa katika hospitali zote za idara, na haliwezekani bila kila dozi kufungwa peke yake na kubandikwa msimbo wake.

Mchangiaji wa tatu

Naona tunabishana juu ya kadi na chupa kabla ya kuuliza ni nani hasa anayeumia. Veterani anayelelewa kwenye kituo cha VA chenyewe hupata dawa humo humo. Mwenye ulemavu wa asilimia 70 au zaidi ana haki, tangu sheria ya mwaka 1999, ya kulelewa kwa gharama ya VA, hata kama atapelekwa makao binafsi yenye mkataba. Aliyeishiwa akaingia Medicaid huwa hachangii kitu kwa dawa zinazogharimiwa na mpango wa Medicare akiwa makaoni; shida yake ni nyingine, kwamba pensheni yake ya VA hukatwa hadi dola 90 kwa mwezi ikiwa hana mke wala mtegemezi, na hilo lingestahili mjadala wake.

Anayebaki ni yule wa katikati: ana akiba au ameuza nyumba, analipia makao mwenyewe, na kwa miaka mingi hakujiunga na mpango wa dawa wa Medicare kwa sababu VA ilimtosha. Huyu akiingia makaoni hujikuta hana bima yoyote ya dawa inayopokelewa na famasi ya pale. Familia nyingi hazijui kwamba kuhamia makaoni kunampa nafasi ya kujiunga na mpango huo bila kusubiri msimu, wala kwamba hatozwi faini ya kuchelewa, kwa kuwa bima ya VA inahesabiwa kuwa ya kutosha. Isitoshe, sheria iliyotiwa saini Agosti 2022 imeweka kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka 2025 juu ya kile mwanachama anacholipa mfukoni, imeshusha insulini hadi dola 35 kwa mwezi, na bei za dawa 10 za kwanza zilizojadiliwa na serikali, ikiwemo Eliquis, nayo ya kuzuia damu kuganda, ambayo imejaa kwenye matoroli hayo, zimewekwa kuanza Januari 2026. Maslahi ya mzee huyu yanaweza kulindwa kwa kumwandikisha mapema. Mtu wa kuwaambia familia hayo siku ya kwanza angeokoa fedha nyingi kabla VA haijanunua mtambo hata mmoja wa kufunga kadi.

Mchangiaji wa nne

Mchangiaji wa tatu ameyaruka makao ya maveterani yanayomilikiwa na majimbo, ambayo yako zaidi ya 150, na humo mna jambo la kushangaza. Sheria ya Desemba 2006 iliielekeza VA iyalipe makao hayo gharama kamili ya kumlea mwenye ulemavu wa asilimia 70 au zaidi, na malipo hayo ya kila siku yanahesabiwa kuwa yamemaliza kila kitu, dawa zikiwemo. Mwenye asilimia 50 au 60, ambaye VA haimlipii gharama kamili, huletewa dawa zake na VA. Matokeo yake, aliyeumia zaidi ndiye ambaye makao yanalazimika kumnunulia dawa kutoka kwenye fungu la siku. Akiwa na saratani inayotibiwa kwa vidonge vya maelfu ya dola kwa mwezi, fungu hilo linaweza kuliwa na dawa peke yake, na msimamizi wa makao anakuwa na sababu ya kifedha ya kutompokea. Hapa hakuna haja ya mitambo mipya wala ya kuogopa watengenezaji, kwa sababu VA inayapelekea makao hayo hayo dawa za wengine tayari. Kinachotakiwa ni kifungu kinachosema kwamba dawa ghali za kundi la asilimia 70 nazo zitolewe na VA au zirudishiwe gharama yake nje ya malipo ya siku. Kwa maoni yangu, hili lingetangulia mengine yote.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa hilo la majimbo sina pingamizi. Idadi ya walengwa ni ndogo, bei haivuki mipaka ya VA, na kasoro iko wazi. Kwa makao binafsi, bado nataka kujua nani atailipa famasi kwa ile kazi ya kila mwezi na ya usiku.

Mchangiaji wa pili

VA ndiyo ilipe, kwa ada maalumu kwa kila mkazi anayeletewa dawa zake. Na sharti nililoahidi ni hili: orodha ya dawa iwe moja, mkononi mwa mfamasia mmoja. Mimi nimeona mkazi akiletewa Lasix kutoka upande mmoja na furosemide kutoka upande mwingine. Ni dawa ile ile ya kupunguza maji mwilini, yenye majina mawili, kwenye kadi mbili, na zote zikiwa na jina lake. Mwenzangu wa zamu ya usiku ndiye aliyezikamata kabla hazijatolewa. Kama VA itatuma kadi zake bila mfamasia wa makao kuona kilichomo kabla hakijaingia kwenye toroli, mimi nitakuwa wa kwanza kuomba zirudishwe.

Mleta mada

Sharti hilo liingizwe kwenye pendekezo, nami nimeliandika kabla ya lile la makao kutokuwa na ruhusa ya kukataa. Mwenye uzoefu wa makao ya majimbo atueleze dawa huchukua muda gani kufika kutoka VA kwa hao wa asilimia 50 na 60, maana hao wanaletewa tayari na tunaweza kupima kwao.