Tupeane uzoefu: vipande vya karameli vilivyowatoa jasho mara ya kwanza

Mwanzisha uzi
Habari za Jumapili, wakuu. Mimi jikoni ni mtu wa wali maharage na chai ya maziwa. Kuoka nimeanza juzijuzi, baada ya kununua oveni ndogo ya mtumba. Vile vipande vya karameli nilivila kwenye harusi ya binamu: chini biskuti ya siagi, katikati karameli, juu chokoleti. Nikasema unga, siagi na sukari, hapo kuna cha kunishinda?

Biskuti haikunisumbua. Unga gramu 250, siagi 175, sukari 75, nyuzi 180, dakika ishirini na kitu. Ikatoka nzuri hadi nikaipiga picha. Kisa kilianza nilipoweka sukari kwenye sufuria kavu. Pembeni inayeyuka, katikati bado nyeupe. Ikafika rangi ya chai ya rangi, nikaona bado, ikolee kidogo. Nikageuka kuchukua maziwa kwenye friji. Narudi, moshi! Kwa kiherehere nikamimina maziwa ya baridi humohumo. Yakafoka mpaka ukutani, sukari ikaganda jiwe, na mwiko umo ndani. Ninavyoandika hapa mwiko bado umesimama katikati ya sufuria kama mlingoti.

Wenzangu mlitokaje? Tupeane uzoefu.

Mjukuu wa Tanga
Pole mdogo wangu, ila nimecheka. Mimi nimekulia kwenye kashata za karanga, shangazi alikuwa akitengeneza za kuuza. Kipimajoto hakukijua, alipikia pua. Ikianza kunukia, kabla haijawasha koo, alishaitoa. Tena hakuwasha moto mpaka karanga zimekaangwa na kupepetwa, sinia limepakwa mafuta, kisu kiko pembeni. Sisi watoto tulifukuzwa jikoni kabisa, maana sukari ikikurukia haichuruziki kama maji, inang'ang'ania ngozi.

Sasa wewe umebandika sukari ndipo unakwenda kutafuta maziwa! Mara nyingine pasha maziwa kwanza yawe ya moto, yakae karibu. Na sukari itoe ikiwa na rangi ya chai ileile uliyoidharau, kwa sababu sufuria ikishatoka motoni bado ina joto lake na inaendelea kuunguza.

Huo mwiko usiugongegonge. Jaza maji, chemsha taratibu, utatoka wenyewe.

Sukari Chenga
Mimi haikuungua, ilirudi kuwa chenga. Nilitia sukari na maji, ikaanza kuchemka, nikawa nakoroga kama uji. Kumbe punje zilizonata kwenye kingo za sufuria zikirudi ndani zinaita wenzake. Siku hizi natia matone ya ndimu mwanzoni, nakoroga mpaka sukari iyeyuke tu, ikichemka naweka mwiko chini. Nikitaka kuchanganya natikisa sufuria.

Mama Pacha, Nairobi
Yangu ni tofauti. Mimi nilikuwa na kipimajoto na ndicho kiliniponza. Mapishi yalitoka Uingereza, yakasema karameli ya siagi na krimu itoe ikifika nyuzi 118. Nikatii. Ilipopoa mzee akaniuliza kama nyundo iko wapi. Nikarudia mara mbili, ngumu vilevile, nikaanza kulaumu siagi ya watu.

Ni dada mmoja tunayesali naye aliyeniambia nitie kipimajoto kwenye maji yanayochemka. Kikasoma 94 badala ya 100. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huku yanachemka mapema na yanakauka mapema, kwa hiyo kufika 118 karameli yangu ilikuwa imekauka kupita kiasi. Sasa natoa nyuzi 6 zile zilizopungua, naishia 112, na inakatika laini. Mlio pwani hamna shida hii.

Jiko la Mkaa
Wenye oveni mnajidekeza. Mimi biskuti naokea kwenye sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini kidogo, juu ya mfuniko mengi. Karameli natumia maziwa mazito ya kopo.

Ila sikilizeni hili. Mara ya kwanza nilichemsha kopo zima bila kulifungua, nikaenda kufua uani. Maji yakakauka, kopo likapasuka. Dari la mwenye nyumba lina doa mpaka leo, na yeye anadhani bati linavuja. Sasa nafungua kopo, namimina kwenye sufuria pamoja na siagi na sukari kidogo, moto mdogo, na hapa ni kukoroga bila kupumzika, maana maziwa yanashika chini upesi. Kama dakika 10 inageuka rangi na mwiko unaacha njia.

Sukari Chenga
Hiyo ya kopo si karameli, mkuu.

Jiko la Mkaa
Njoo ule halafu useme si karameli.

Mtu wa Unguja
Wa pwani nasi tuna letu, Mama Pacha. Niliviacha mezani usiku kucha bila kufunika, asubuhi vinanata kama ulimbo. Sukari inavuta unyevu wa hewa. Vikipoa tu natia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kila safu na karatasi yake.

Mwanzisha uzi
Nimerudi. Mwiko umetoka, asante dada wa Tanga. Leo nilipanga kila kitu mezani kwanza, maziwa ya moto, sukari nikaitoa kwenye rangi ya chai. Karameli imekubali!

Tatizo nimeikata bado ya moto. Imetiririka yote, biskuti peke yake, chokoleti peke yake. Watoto wanaila kwa vijiko kwenye trei na wanauliza kesho nitapika tena saa ngapi. Mnaoikata ikasimama, mnaisubiri muda gani?

Mama Pacha, Nairobi
Saa 3 kwenye friji. Na ufiche kisu.