Naomba ushauri: mdahalo wa mafuta, vijana wangu wamepewa upande wa kupinga

Mwl_Uyole
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Nafundisha Historia sekondari hapa Mbeya. Ijumaa ijayo Kidato cha Tano wangu wana mdahalo na shule jirani, mada: "Mafuta ni silaha kali kuliko bunduki." Sisi tunapinga.

Shida ni kwamba kila kitabu cha maktaba yetu kinawabeba wenzetu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinainyima mafuta Marekani na Uholanzi, na kufikia Januari 1974 pipa la kama dola 3 limepita dola 11. Vijana wameanza kukata tamaa. Kuna binti mmoja mkimya, ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele za watu. Akizidiwa siku hiyo naogopa hatarudi tena. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Tunduma
Marahaba mwalimu. 1973 waachie wao, nyie nendeni Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Ian Smith, kiongozi wa walowezi weupe pale, alijitangazia uhuru kutoka Uingereza Novemba 11, 1965, na mwezi uliofuata Uingereza ikamfungia mafuta. Aprili 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 221, likairuhusu Uingereza kuzizuia kwa nguvu meli za mafuta ya Rhodesia zinazoelekea bandari ya Beira, Msumbiji. Manowari zikalinda pale hadi 1975. Smith akaweka mgawo wa petroli, basi. Hakuanguka.

Mafuta yalipita wapi? Lourenço Marques, Maputo ya leo, chini ya Wareno, na Afrika Kusini. Mwaka 1978 ripoti ya Bingham, ya Waingereza wenyewe, ikaonyesha kuwa kampuni tanzu za Shell na BP zilihusika, na kwamba serikali ya London ilishajua. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Aliyeumia ni Zambia, maana mafuta yake yalipitia kwa Smith, naye akayakata. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka mapipa kutoka Dar kwa barabara ya vumbi. Masika walikuwa wanalala njiani siku nyingi, lori limezama matopeni. Nafuu ilikuja 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, Zambia. Linapita mkoani kwenu hapo, mwalimu. Wapeleke vijana wakaone mkuza wake.

Nyakanga
Mzee, heshima yako, ila ukiishia hapo utawaponza watoto. Wenzao watajibu kwamba silaha haikushindwa, ilivuja. Tena watataja Afrika Kusini: Waarabu walipoisusia 1973, Shah wa Iran aliendelea kuiuzia. Alipoondoka 1979 Iran nayo ikafunga. Makaburu wakabaki kununua kwa kificho kwa bei ya kuumiza, huku wakipanua viwanda vya Sasol vya kutoa mafuta kwenye makaa ya mawe. Hapo mafuta yaliuma kweli.

Kwa hiyo wasikane kwamba mafuta ni silaha, watachekwa. Waseme hivi: bunduki anaishika mtu mmoja, lakini mafuta yanataka wauzaji wote wakubaliane, na hakosekani mmoja wa kuuza usiku. Hapo ndipo Rhodesia inawafaa.

dada_Rungwe
Mwalimu, huyo binti usimpe tarehe. Mpe yale malori ya Zambia, afungue nayo mdahalo. Kisa hakisahauliki kama namba, na akishamaliza sentensi tatu za mwanzo woga utapungua. Nasema kwa kuwa nilikuwa kama yeye.

Mwl_Uyole
Nashukuru sana nyote. Nyakanga, hoja yako nimeiandika ubaoni leo leo. Mzee wangu, pole kwa kuondokewa na baba. Kuna yeyote wa enzi zile anayeweza kuongea na huyu binti, hata kwa simu?

Mzee_wa_Tunduma
Mama yupo Vwawa, masikio mazima. Ndiye aliyekuwa akimfungia chakula cha safari. Nitumie ujumbe faraghani. Apige jioni baada ya magharibi, na aongee polepole.