Naomba ushauri: kichuma cha kalimba kinavuma, na kidole gumba kwenye mchoro kinatoka kirefu

Habari zenu wakuu. Kalimba yangu (ala ndogo ya muziki inayopigwa kwa vidole gumba) ni ya vichuma 17, imetuniwa kwa noti ya C. Kile kirefu cha katikati kiko safi, ila cha tatu kutoka kulia kinatoa "zzz" kila kikiguswa. Nikikisogeza kidogo kushoto au kulia, mlio unapungua, kesho yake unarudi. Nimepachika kipande cha karatasi kilichokunjwa mara moja chini yake, pale kinapolalia daraja (kipande kinachoinua vichuma): zzz imeisha, lakini sauti inakufa haraka, kama imefunikwa kitambaa. Je, karatasi iwe nyembamba zaidi, au nipige daraja msasa? Msasa nauogopa, kwani ukishakula haurudishi. Kukisukuma kichuma ndani hakusaidii. Sehemu inayotetema inafupika na noti inapanda.

La pili, nachora mikono ikipiga kalimba hiyohiyo, penseli ya HB kwa mistari na ya 4B, iliyo laini zaidi, kwa vivuli. Kidole gumba kikielekea kwa mtazamaji kinatoka kirefu kana kwamba kimeonekana kwa pembeni. Mnaanza na umbo la ukucha, au kiungo cha chini? Mwenye mbinu ya kupima kwa penseli anielekeze hatua kwa hatua, tafadhali.