Naomba ushauri: CA-125 na saratani ya mji wa mimba

Wakuu mlio maabara na kliniki za wanawake, naombeni ushauri. CA-125 (protini inayopimwa kwenye damu) inauzwa kwenye vifurushi vya kucheki afya kama kipimo cha saratani ya mji wa mimba. Kumbe hedhi, ujauzito, fibroidi (uvimbe usio saratani) au endometriosisi (utando wa mji wa mimba kuota nje yake) huipandisha juu ya 35 U/mL, na saratani changa yaweza isiiguse kabisa! Anayetoka damu baada ya kukoma hedhi anahitaji altrasaundi ya ukeni. Utando wa ndani wa mji wa mimba ukizidi milimita 4, achukuliwe kinyama cha kupimwa saratani.

Sasa, majibu ya 60 kwa mwanamke wa miaka 38 asiye na dalili: mnarudia hedhi ikiisha, au altrasaundi kwanza? Na ukoo wenye Lynch (hitilafu ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba na utumbo mpana), damu ya kupima jeni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 mnaipeleka wapi?