Tupeane uzoefu: rekoda ya kamera za nyumbani uliichaguaje, DVR au NVR?

Mtoa mada, Goba

Wakuu habari za wikiendi.

Watu wengi wakitaka kufunga kamera za ulinzi nyumbani wanauliza habari za kamera tu, ina megapikseli ngapi, usiku inaona mpaka wapi, inazunguka au haizunguki, halafu rekoda wanamwachia fundi aje na yoyote aliyoikuta dukani. Sasa mwizi akishaingia akaondoka zake, kinachobaki ni kile kilichomo kwenye rekoda, kama hakimo hata kamera ya milioni haikusaidii kitu. Ndio maana nimeona tulijadili hili peke yake. Kwa wageni, DVR ni rekoda ya kamera za analogi, NVR ni rekoda ya kamera za IP, yaani zinazotuma picha kupitia waya wa mtandao. Una rekoda gani, uliichagua kwa kigezo gani, imekufaa wapi na imekuangusha wapi.

Naanza na mimi. Nyumba yangu ilishapitishwa waya wa RG59, yaani waya wa kamera za analogi, ukutani kabla ya plasta, ule unaokuja na nyaya mbili za umeme pembeni. Nilipokwenda Kariakoo kila duka wananiambia kaka chukua NVR, DVR ishapitwa na wakati. Ni kweli NVR ina picha nzuri zaidi, lakini NVR inataka kamera za IP na waya wa neti, Cat5e au Cat6, maana yake nipasue ukuta niliomaliza kupaka rangi juzi. Kwa hiyo nikachukua DVR mseto ya chaneli 8, yaani nafasi za kamera nane, zile zinaitwa XVR, inapokea TVI, CVI, AHD (aina za kamera za analogi zenye picha kali), kamera za analogi za zamani na bado unaweza kuongeza kamera za IP baadaye kupitia neti. Picha ya 1080p inakuja safi, bodaboda akisimama getini namba naisoma.

Kwangu mimi kigezo cha kwanza ni waya uliopo ukutani. Kama nyumba ndio kwanza inajengwa na mabomba ya waya yapo wazi, pitisha Cat6 kila kona na uchukue NVR yenye PoE, yaani waya mmoja tu unapeleka umeme na kuleta picha, huhitaji adapta kule kwenye kamera. Ila kumbuka waya wa neti mwisho wake ni mita 100, kiwanja kikubwa weka swichi ya PoE katikati.

Karibuni.

Mdau wa Kimara

Mkuu umegusa penyewe. Mimi naongezea diski maana huko ndiko watu wanakoumia.

Desemba tulikwenda Moshi kama kawaida, tumerudi baada ya mwaka mpya tunakuta dirisha la stoo limeng'olewa, mtungi wa gesi, pampu ya maji na vitu vingine vimeenda. Kamera ziko zinawaka taa zake vizuri kabisa. Nafungua rekoda naona siku tano tu za nyuma, huko nyuma zaidi imeshajifuta na kuandika juu yake. Jirani anasema alisikia vishindo kabla ya Krismasi. Hakuna kitu.

Baadaye nikakaa na kijana mmoja anayefanya kazi hizi akanipigia hesabu nikaelewa. Kamera moja ya megapikseli 2 kwa H.264, ambayo ni njia ya kubana video, inakula kama megabiti 4 kwa sekunde, kwa saa 24 hiyo ni GB 43 hivi. Kamera nne ni GB 170 na ushee kwa siku, sasa diski ya TB 1 siku tano na kitu imejaa inaanza kufuta za zamani. Fundi alishanipa TB 1 akaniambia inatosha mwezi! Ukiwa na rekoda inayokubali H.265, inayobana zaidi, na ukashusha mpaka megabiti 2 picha inabaki nzuri na siku zinakuwa mara mbili, kumi na kitu. Ukitaka mwezi kwa kamera nne basi weka TB 3 au 4 kabisa usibanebane, na hakikisha rekoda yenyewe inakubali ukubwa huo, nyingine zina kikomo.

Kuna wanaoweka irekodi pale kitu kikitikisika tu ili diski idumu, inasaidia, lakini kwangu kuna mgomba mbele ya kamera upepo ukivuma inarekodi usiku kucha.

Dada Lina

Pole sana kaka wa Kimara. Ila kuhusu diski sio ukubwa tu na aina pia. Ofisini kwetu walifungiwa rekoda ikawa inapiga kelele piii piii piii kila baada ya muda, watu wakaingia kwenye mipangilio wakazima mlio maisha yakaendelea. Kumbe ule mlio ndio rekoda inasema diski imekufa, miezi imepita hairekodi kitu, kwenye skrini laivu inaonekana kama kawaida kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mpaka laptopu ilipopotea. Ilipofunguliwa ndani kuna diski ya kompyuta ya mezani iliyotumika, imefutwa vumbi tu.

Diski za kamera zipo za kwake, WD Purple au Seagate SkyHawk, zimetengenezwa kuandika usiku na mchana bila kupumzika. Muombe fundi aifungue mbele yako uione kwa macho yako, na kwenye menyu ya rekoda nyingi kuna sehemu ya afya ya diski inaonyesha imeshawaka masaa mangapi. Diski mpya haiwezi kuwa na masaa elfu kumi.

Otieno wa Kasarani

Salamu kutoka Nairobi wadau. Hapa kwetu mtu akitaka kamera anashuka Luthuli Avenue na anatoka na kifurushi, kamera nne, DVR, waya na adapta kwa bei ya kutupa. Mimi nina ploti yenye nyumba za kupangisha, nikaweka kifurushi kama hicho. Kwa boksi imeandikwa 1080N nikajua ni 1080p tu. Jameni angalieni hiyo herufi. 1080p kamili ni 1920 kwa 1080, lakini 1080N rekoda inakata upana nusu, inarekodi 960 kwa 1080 halafu inaivuta ijae skrini. Ukiangalia kwa simu unaona iko sawa. Siku gari limegonga ukuta wa ploti likatoroka usiku nikazumu namba ya gari nikapata ukungu tu, na kamera yenyewe ni nzuri, shida ni DVR.

Nikabadilisha DVR peke yake, kamera na waya ni zilezile, sasa namba zinasomeka. Kwa hivyo ukinunua uliza inarekodi kiasi gani kwa kila chaneli na picha ngapi kwa sekunde zikiwa zote zimejaa, sio ile moja inayoonyeshwa dukani. Zingine wanakwambia megapikseli 5 kumbe kwa ukubwa huo inarekodi picha 8 au 12 kwa sekunde. Kwa geti hiyo inatosha, kwa barabara ya magari hapana.

Mwana wa Mwanza

Huku kwetu kanda ya ziwa adui ni radi. Mvua za masika zikianza kila mwaka kuna jirani anaunguza TV. Kamera yangu ya geti iko juu ya nguzo ya chuma, radi ikapiga mbali tu lakini ikapita kwenye waya ikaingia kwenye DVR ikaua chaneli zote. Sasa nimeweka vifaa vya kuzuia radi kwenye kila waya unaotoka nje na nguzo nimeizikia waya wa ardhi.

Halafu kitu kingine, kamera ya mbali ikiwa inazimika usiku tu na mchana iko poa, usikimbilie kulaumu rekoda. Usiku zile taa za infraredi zinawaka kamera inataka umeme zaidi, na kama waya ni mrefu na mwembamba zile volti 12 zinafika huko zimekuwa 9. Unabadilisha waya au unaweka adapta karibu na kamera inaisha.

Bi Mkubwa wa Mbweni, Unguja

Asalaam alaykum. Mie nyumba yangu haiko mbali na bahari, chumvi inakula kila kitu, zile BNC, yaani viungo vya kichwa cha waya, zinafanya kutu picha inaanza kuruka mistari. Ndo nikahamia NVR na kamera za PoE, viungo vyote vimo ndani ya visanduku vya kuzuia maji. Lakini lililonipata jengine. Mwizi aliingia akachukua TV na kisanduku kilichokuwa chini ya TV, nacho ndo rekoda yenyewe. Kaondoka na sura yake.

Sasa rekoda nimeificha, chini ya TV nimeacha kile cha zamani kibovu na waya zake zimening'inia. Ila msiipeleke darini chini ya mabati wanangu, huko moto mchana diski haitadumu. Mwanangu yupo Maskati anasema huko joto linapita nyuzi 40 kiangazi, kwake rekoda imo ndani ya kabati yenye matundu na feni ndogo. Na kamera mbili za mlangoni nimezitia kadi ya kumbukumbu ndani yake, zinarekodi zenyewe hata rekoda ikiibwa.

Mtoa mada, Goba

Shikamoo Bi Mkubwa, pole sana kwa hilo, na asante, hiyo ya kadi ndani ya kamera ni akili kubwa. Hapo NVR ina faida kweli maana kamera nyingi za IP zina nafasi ya kadi, za analogi za kawaida hazina.

Niongezee umeme. Wezi wengi wanasubiri umeme ukatike au wanashusha mkono wa mita wenyewe. Hesabu yangu DVR, kamera tano na rauta haifiki hata wati 60, inveta ndogo na betri inakesha nayo. Kama unaanza na kidogo basi UPS ya kompyuta angalau ikupe saa moja. Na msichanganye mambo, rekoda haihitaji intaneti kurekodi. Intaneti ni ya wewe kuona ukiwa mbali. Bando likiisha kamera zinaendelea kurekodi kama kawaida.

Afande mstaafu, Dodoma

Vijana, mnasahau saa. Nimeona picha za kamera nyingi zikiletwa kituoni, tukio limetokea saa saba usiku, video inasoma saa 06:00 asubuhi. Rekoda nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa saa za China, GMT+8, sisi ni GMT+3, tofauti saa tano. Mtu anatafuta saa saba kwenye rekoda anaambulia patupu, anakata tamaa anasema hakuna kitu, kumbe kipo mbele. Na mahakamani wakili wa upande wa pili atashikilia hapohapo. Kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa namna hii unapokelewa, lakini inaangaliwa umehifadhiwaje na kama haujachezewa. Kwa hiyo weka GMT+3, washa NTP ijirekebishe yenyewe kupitia mtandao, na umeme ukikatika ukirudi ukaona tarehe imerudi 2000 basi betri ndogo ya ndani imekwisha, ibadilishwe.

Na mjifunze kutoa video wenyewe kwa flashi. Rekoda nyingine zinatoa faili la .dav ambalo simu haifungui, chagua mp4 kama ipo, lakini lile la asili nalo litunze. Msirekodi skrini kwa simu mkatuletea.

Mdau wa IT, Arusha

Shikamoo afande. Mimi langu ni paswedi. Mwaka 2016 kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai, kilivamia rekoda na kamera duniani kote kwa kutumia paswedi za kiwandani tu, tarehe 21 Oktoba kikaangusha huduma ya Dyn, iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti, na mitandao mikubwa ikapotea hewani. Rekoda za sasa nyingi zinakulazimisha uweke paswedi siku ya kwanza, tatizo mafundi wanaweka moja kwa wateja wote. Fundi akimaliza badilisha mbele yake na hakikisha akaunti ya kwenye simu ni ya barua pepe yako. Kuna watu fundi bado anaona sebule yao mpaka leo. Akikwambia anafungua poti kwenye rauta, yaani mlango wa watu wa nje kuifikia rekoda, mwambie hapana, tumia ile ya kuskani QR ya rekoda kwa programu ya simu. Na programu ya ndani ya rekoda isasishwe, chagua kampuni ambayo bado inatoa masasisho kwa modeli hiyo.

Mpangaji Tegeta

Jamani mimi nimepanga, vyumba viwili na sebule, mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta. Nahitaji rekoda kweli au kamera za waifai zenye kadi zinatosha?

Mtoa mada, Goba

Dada, kwa kupanga chukua kamera mbili za waifai zenye kadi ya GB 128, ila hakikisha zinakubali ONVIF au RTSP, lugha za pamoja za kamera na rekoda za kampuni tofauti, ili ukihamia kwako uziunganishe na NVR bila kununua upya, na uulize dukani kadi iwe ile ya kurekodi muda wote maana za kawaida zinakufa mapema. Moja mlangoni, moja sebuleni inayoangalia dirisha. Usielekeze kwa jirani wa mlango wa pili, atakuja juu na sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo. Bajeti yako ni kiasi gani nikuangalizie?

Mpangaji Tegeta

Laki mbili, na kadi zikiwemo.

Mdau wa Kimara

Inatosha dada, ila kabla hujalipa mwambie muuzaji aitie kadi, arekodi dakika mbili, azime, awashe, halafu akuonyeshe zile dakika mbili kwenye simu yako wewe.