Tupeane uzoefu: miezi ya kwanza ya tangi la maji ya chumvi

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, naomba tuelezane yaliyotupata tulipoanza kufuga samaki wa baharini, hasa kuhusu maji yenyewe. Mimi nilijaza tangi la lita 200, nikachanganya chumvi, na siku ya tano, kwa kuwa maji yalikuwa maangavu kabisa, nikatia samaki wanne kwa mkupuo. Siku tatu baadaye walikuwa wakitweta karibu na uso wa maji, na wawili wakafa usiku huo. Kipimo kilionyesha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza, ya miligramu 2 kwa lita, ilhali haitakiwi kuonekana kabisa. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita ili wazaliane vya kutosha kwenye mawe na mchanga. Na kwa kuwa pH (kipimo cha uasidi au ualikali) ya maji ya bahari ni ya juu, yapata 8.1 hadi 8.4, amonia humo huwa na sumu kali zaidi kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi yenye pH ya chini. Tangi la pili nililianza bila samaki. Nilitumbukiza kipande cha kamba (uduvi mkubwa) mbichi kioze na kutoa amonia ya kuwalisha bakteria, nikapima kila baada ya siku mbili na kuandika daftarini, hadi amonia na nitriti zikasoma sifuri. Ilichukua siku 38.

Mchangiaji wa pili
Pole sana. Kwangu tatizo lilikuwa chumvi. Tangi langu ni dogo, na kila jioni maji yalikuwa yamepungua kwa kugeuka mvuke, nami nikiongeza maji ya chumvi nikiamini kwamba narudisha kilichopotea, kumbe chumvi haiondoki na mvuke. Baada ya wiki tatu ilifika gramu 41 kwa kilo ya maji badala ya 35, na konokono wakajifungia magambani mwao. Niliishusha polepole kwa siku kadhaa, nikitoa maji kidogo na kuweka yasiyo na chumvi. Tangu hapo, maji yanayopotea kwa mvuke huyafidia kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi tu.

Mchangiaji wa tatu
Nilitibu ugonjwa wa madoa meupe kwenye samaki kwa dawa ya shaba ndani ya tangi kuu. Samaki walipona, kamba na kaa wote walikufa. Shaba hunasa kwenye mawe na mchanga, kwa hiyo tafadhali mgonjwa atibiwe kwenye chombo cha peke yake.

Mchangiaji wa nne
Wiki ya tatu utando wa kahawia ulifunika mchanga wangu, nikaogopa, nikaosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini. Utando ungepungua wenyewe. Bakteria niliowaua ndio walionigharimu, kwani amonia ilirudi upya. Mwanzisha mada, je, ulibadilisha maji katika siku hizo 38?

Mwanzisha mada
Sikubadilisha hadi mwisho, nitrati ilipofika miligramu 40 kwa lita, ndipo nikabadilisha theluthi moja. Sasa hubadilisha asilimia 10 kila wiki, kwa maji niliyoyachanganya na chumvi siku moja kabla, yakazungushwa na pampu na kupashwa hadi nyuzi 25 kama yale ya tangini. Samaki wa kwanza alikaa peke yake wiki mbili, nikipima amonia kila asubuhi, kabla sijamwongezea mwenzake.